Neno "radical" la Kiingereza: si kila mahali ni "itikadi kali"

#1 Mfasiri_wa_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi. Nilipewa makala ya afya kuhusu saratani ya matiti, imekwisha kutafsiriwa, kazi yangu ikawa kuihariri tu. Ukurasa wa tatu nikakuta hii: "Mgonjwa alifanyiwa upasuaji wenye msimamo mkali wa titi la kushoto." Nikaisoma mara mbili. Ukurasa wa saba, sehemu ya lishe: "Mboga za majani husaidia mwili kupambana na wenye itikadi kali walio huru." Hapo nikaweka kalamu chini.

Sentensi zote mbili zimeharibiwa na neno moja, radical. Aliyetafsiri, awe mtu au mashine, amelizoea kwenye taarifa za habari, ambako kila siku ni vijana wenye itikadi kali na makundi yenye itikadi kali. Akaingia nalo hivyo hivyo chumba cha upasuaji, kisha maabara ya kemia. Na atakayeisoma makala ile ni mama aliyeambiwa jana kwamba ana saratani, anatafuta kujua atakatwa nini na atabakiwa na nini. Ndiyo maana siwezi kulipuuza.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini. Radix ni mzizi. Kilatini cha baadaye kikaunda radicalis, yaani "ya mzizi", na Kiingereza kikalipokea mwishoni mwa karne ya 14. Wakati huo halikuwa na harufu yoyote ya siasa. Matabibu walilitumia kwa unyevu wa asili ambao waliamini kila mtu huzaliwa nao: mwili unaula polepole kama utambi unavyokula mafuta ya taa, ukikauka mtu anakufa. Fikra hiyo iliwafikia kupitia vitabu vya tiba vya Kiarabu, hasa vya Ibn Sina. Wataalamu wa mimea nao wana majani wanayoyaita radical kwa kuwa yanachipuka chini kabisa ya shina, kama vile yanatoka kwenye mzizi wenyewe. Hata eradicate, kutokomeza, ni la ukoo huo huo: ni kung'oa kitu na mizizi yake. Na figili kwa Kiingereza ni radish, maana figili ni mzizi unaoliwa.

Kwa hiyo nikikutana na radical najiuliza kwanza: hapa ni mzizi wa nini? Wa mmea, wa namba, wa neno, wa ugonjwa, au wa utawala?

Chukueni huo upasuaji. William Halsted, daktari wa Johns Hopkins kule Baltimore, alichapisha matokeo yake mwaka 1894. Alikuwa anaondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za limfu za kwapani, vyote kwa pamoja. Aliamini saratani inasambaa kutoka mahali pamoja kwenda nje, kwa hiyo ukiufuata mzizi wake mpaka mwisho ukaung'oa, imekwisha. Jina radical likakaa hapo. Anayeandika "msimamo mkali" amekosea maana, na juu ya hapo amemnyima msomaji kile alichokuja kukitafuta.

Nawaomba watu wa kemia na hesabu hasa mje. Huko najua kidogo.

#2 Kipeuo_cha_Pili

Mkuu, umenigusa, mimi nafundisha hesabu. Ile alama ya √ kwa Kiingereza inaitwa radical, na ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1525 kwenye kitabu cha aljebra cha Christoff Rudolff, kwa Kijerumani. Lakini wazo la kuiita namba "mzizi" ni la zamani zaidi ya alama. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, aliandika jidhr, yaani mzizi: 25 imeota kutoka kwa 5, basi 5 ndiyo mzizi wake. Karne ya 12 vitabu vile vilipotafsiriwa kwa Kilatini, jidhr ikawa radix.

Kuna kipande ninachokipenda kuwaeleza wanafunzi. Namba kama 2 haina mzizi unaotoka sawasawa, utaandika desimali mpaka uchoke. Waarabu wakauita jidhr asamm, mzizi kiziwi. Watafsiri wakaandika surdus, kiziwi kwa Kilatini, na hadi leo Kiingereza kina neno surd. Wanaolitumia wengi hawajui kwamba wanataja kiziwi.

Kwa Kiswahili tuna kipeuo: kipeuo cha pili, kipeuo cha tatu. Hivyo kwenye hesabu usiandike mzizi wala radikali, andika kipeuo. Ila msikichanganye na kipeo, ambacho ni ile namba ndogo ya juu. Irabu moja tu, na mtihani umepotea.

#3 Njoroge_wa_Pili

Swali la haraka. Radical, radiesheni, redio, radiamu. Hizi nazo ni ukoo mmoja? Nilikuwa naamini zile radikali huru za mwilini (free radicals, ndio wale "wenye itikadi kali walio huru" wa makala yako) ni kitu cha mionzi.

#4 Mfasiri_wa_Usiku

Hapana ndugu, ni ukoo mwingine kabisa. Hizo zote zinatokana na radius, neno la Kilatini la tindi ya gurudumu na la mwale wa mwanga. Radix na radius zinafanana sura tu. Ni kweli mionzi inaweza kuzalisha radikali huru mwilini, na pengine hapo ndipo watu wanapochanganya, lakini majina hayahusiani.

#5 Bunsen

Nimeona umeita watu wa kemia. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Neno liliingia kemia Ufaransa, miaka ya 1780. Guyton de Morveau na Lavoisier walikuwa wanapanga upya majina ya kemikali, na mwaka 1787 wakatoa mfumo wao pamoja na Berthollet na Fourcroy. Lavoisier aliamini kila asidi ina oksijeni. Ile sehemu nyingine, iliyoungana na oksijeni na kuipa asidi utambulisho wake, ndiyo iliyoitwa radical. Mzizi wa asidi, kwa maneno mengine. Baadaye ikajulikana kwamba si kila asidi ina oksijeni, lakini jina lilikuwa limekwisha kuota.

Mwaka 1832 Liebig na Wöhler walifanyia kazi mafuta ya lozi chungu. Waligeuza kampaundi moja kuwa nyingine, kisha nyingine, na kila mara kikundi kile kile cha atomi kilivuka kizima bila kuvunjika. Wakakiita benzoili. Hii ndiyo maana ya pili: radikali ni kikundi kinachobaki pamoja wakati vingine vinabadilika. Ukikata matawi yote, mzizi upo.

Sasa "huru" imetoka wapi? Wanakemia walitamani kuikamata radikali ikiwa peke yake, imejitenga, na kwa miaka mingi walishindwa hadi wengi wakaamini haiwezekani. Mwaka 1900 Moses Gomberg, Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa anajaribu kutengeneza kitu kingine kabisa. Alipata kimiminika cha rangi ya njano. Akikiacha kikutane na hewa, njano inafifia mara moja kwa sababu kinaungana na oksijeni. Alikuwa ameshika kikundi chenye atomi ya kaboni iliyoungana na vitu vitatu badala ya vinne. Radikali imekuwa huru, kwa maana ya kufunguliwa kutoka kwenye kampaundi yake.

Leo tunasema radikali huru ni atomi au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza. Elektroni hupenda kukaa mbili mbili. Iliyo peke yake inatafuta, na inaweza kuipokonya molekuli ya jirani, ambayo nayo inabaki na upungufu na kuanza kutafuta. Mnyororo unakwenda hivyo. Ndivyo klorini inavyoiharibu ozoni kule juu, jambo ambalo Molina na Rowland walilieleza mwaka 1974: atomi ya klorini inaivunja ozoni, mwisho wa mzunguko inatoka ilivyoingia, inaanza upya. Na ndivyo plastiki ya polithini inavyotengenezwa kwa njia mojawapo, molekuli ikidaka molekuli.

Naomba pia tuache kuzichora kama maadui tu, kama makala za lishe zinavyofanya. Oksijeni mnayoivuta sasa hivi ina elektroni mbili zisizo na wenza. Naitriki oksidi ni radikali, na ndiyo inayoiambia mishipa ya damu itanuke. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1998.

Kwa hiyo ile sentensi ya ukurasa wa saba: "radikali huru", basi. Ukitaka kumsaidia msomaji ongeza "yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza". Usitafute neno la kienyeji kwa nguvu.

#6 Kauli_Thabiti

Nawapongeza wote, lakini mimi sikubaliani na mwanzisha uzi kwa kiasi fulani. Kwenye siasa na usalama, "itikadi kali" limeshakubalika. Kila mtu anaelewa. Lugha ni mazoea, haiwezekani turudi Roma kila tunapotaka kuandika habari. Radical ni mtu mkali, kwisha.

#7 Mfasiri_wa_Usiku

Kauli_Thabiti, asante kwa kusema wazi. Nakubali kwamba habari ya kundi linalolipua watu inaweza kuandikwa "itikadi kali" na isimpotoshe mtu. Waingereza wenyewe siku hizi wanalitumia hivyo, na radicalization ya kwenye ripoti za usalama ni kumwingiza mtu katika itikadi kali. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni pale tunapoirudisha maana hiyo nyuma, kwenye historia ya watu wasiohusika nayo. Charles James Fox, mbunge wa Uingereza, alidai "radical reform" mwaka 1797, yaani mageuzi ya uwakilishi bungeni yanayoanzia kwenye mzizi. Wafuasi wa fikra hiyo wakaja kuitwa Radicals. Walidai nini? Tarehe 16 Agosti 1819, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika uwanja wa St Peter's, Manchester, wanaume kwa wanawake, wengine na watoto. Manchester ilikuwa mji mkubwa wa viwanda na haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Walikuja kudai haki ya kuwakilishwa. Askari wa farasi wakawaingilia na panga, watu zaidi ya kumi wakafa na mamia wakajeruhiwa. Sasa niandikie kwa Kiswahili: "Wenye itikadi kali walikusanyika Manchester." Msomaji wako ataona upanga uko mkononi mwa nani?

Au Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Thaddeus Stevens na Charles Sumner waliitwa Radical Republicans. Ukali wao ulikuwa kutaka waliokuwa watumwa wawe raia kamili wenye kura. Marekebisho ya katiba ya 1865, 1868 na 1870 yana mkono wao: kukomesha utumwa, uraia, na kura isiyozuiwa kwa rangi. Nimewahi kusoma mahali wakiitwa kwa Kiswahili "Warepublikani wenye msimamo mkali". Mwanafunzi anayesoma hivyo atadhani ndio waliokuwa wabaguzi.

Kwa hao naandika "wanamageuzi wa kina", au "waliotaka mageuzi ya kutoka kwenye mzizi". Tena Kiswahili hakijapungukiwa hapa. Tunasema kukata mzizi wa fitina. Mtu anayekata mzizi wa fitina hatumwiti mkali, tunamwona amemaliza jambo. Hiyo ndiyo radical ya Fox. Mwenye kupindukia ni habari nyingine, Kiingereza kina extremist kwa ajili yake, na mtu anaweza kuwa mmoja asiwe mwingine.

Halafu kuna majina ya vyama. Chama cha Radical cha Ufaransa kilianzishwa 1901, na kwa miaka mingi kimekuwa chama cha katikati kabisa. Argentina wana Unión Cívica Radical tangu 1891, nacho kimekuwa makao ya watu wa tabaka la kati. Ukiandika "chama chenye itikadi kali cha Ufaransa" umetangaza uongo. Jina la chama libaki jina: chama cha Radikali.

#8 Kauli_Thabiti

Hilo la Manchester umenishinda, nakubali. Kwenye habari za leo bado nasimama nilipo.

#9 Bi_Sarufi

Mmeisahau isimu, na huko ndiko neno hili lilikobaki karibu zaidi na nyumbani kwake.

Wanaisimu wa Kiarabu na Kiebrania, wanapoandika kwa Kiingereza, huziita konsonanti za mzizi wa neno radicals. Mzizi wa Kiarabu kwa kawaida una konsonanti tatu, na irabu zinaingia na kutoka katikati yake. Mfano tunao mdomoni kila siku. Chukua k-t-b: kitabu, katibu, maktaba, katiba. Chukua h-k-m: hukumu, hakimu, mahakama, hekima. Chukua s-f-r: safari, safiri, msafiri. Tumeyapokea maneno haya moja moja, lakini mizizi yake bado inaonekana chini ya ngozi. Nikiwaonyesha wanafunzi, huwa wanaanza kuiwinda wenyewe: elimu, mwalimu, taaluma, maalumu. Wanaona ile l na m zinavyofuatana.

Wataalamu wa lugha za Kibantu nao wamelitumia radical kwa mzizi wa kitenzi. Katika pika, pikia, pikwa, pikisha, mzizi ni -pik-. Hapo tafsiri ni "mzizi" na hakuna mjadala.

Lakini angalieni Kichina. Kiingereza kinaita radical ile sehemu ya herufi inayotumika kuipangia mahali kwenye kamusi. Kamusi ya Kangxi ya 1716 ina sehemu hizo 214. Mistari mitatu mifupi kama matone upande wa kushoto inamaanisha maji, na utaikuta kwenye mto, kwenye ziwa, kwenye bahari: 河, 湖, 海. Sasa Wachina wenyewe wanaiita bushou, kichwa cha sehemu. Hawakusema mzizi. Ni Wazungu waliodhani ni mzizi wa neno. Kwa hiyo hapa hata "mzizi" ni kosa, ingawa Kiingereza kinalisema. Mimi naandika "kichwa cha herufi", nikifuata Wachina.

#10 Mfasiri_wa_Usiku

Bi Sarufi, hilo la Kichina limenirekebisha. Ningeandika mzizi bila kusita.

#11 dogo_wa_mawimbi

Mmesahau radical ya vijana. Wateleza mawimbi wa California walilitumia kwa mchezo wa hatari unaopendeza, likafupishwa rad, miaka ya 80 likaenea kila mahali. Maana yake ni bomba, safi sana. Na hapa ndipo "kali" yenu inapoingia vizuri: goma kali, mchezo mkali!

#12 Bi_Sarufi

Umesema kweli dogo. Mahali pekee ambapo kali inatosha bila maelezo.

#13 Mama_Wodi

Wanangu, nimesoma uzi wote. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya saratani kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Nataka kuongeza mambo mawili, maana yanaumiza watu.

La kwanza. Katika tiba ya saratani, radical mara nyingi inamaanisha tiba inayolenga kuponya. Madaktari wanaofuata mtindo wa Uingereza husema radical radiotherapy, yaani mionzi inayotolewa kwa nia ya kuumaliza ugonjwa, tofauti na mionzi ya kupunguza maumivu, ambayo ni sehemu ya tiba shufaa. Niliwahi kukaa na mgonjwa aliyeambiwa na mtu wake, aliyesoma barua ya daktari, kwamba atapewa "mionzi mikali". Alilia usiku mzima, alijua ndiyo mwisho. Barua ilikuwa inasema kinyume chake: wanaamini anaweza kupona. Nilimkalisha nikamweleza neno kwa neno. Alinishika mkono hakuuachia mpaka alipolala.

La pili, mwanangu Mfasiri. Upasuaji ule wa Halsted haufanywi tena isipokuwa mara chache sana. Jaribio lililoanza Marekani mwaka 1971, likiongozwa na Bernard Fisher, lilionyesha kuwa wanawake waliotolewa misuli pamoja na titi hawakuishi muda mrefu zaidi kuliko walioachiwa misuli. Wanawake wengi kabla ya hapo walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba bila faida ya ziada. Kwa hiyo kaangalie Kiingereza cha makala yako. Kama ni ya siku hizi, nahisi kuna neno lingine mbele ya radical.

#14 Mfasiri_wa_Usiku

Shikamoo mama. Nimefungua asili yake sasa hivi. Imeandikwa "modified radical mastectomy". Hilo "modified" aliyetafsiri alilitupa kabisa, nami nilikuwa naelekea kuandika kwamba mgonjwa alitolewa misuli.

#15 Mama_Wodi

Marahaba. Ndiyo hivyo. Hiyo ni titi lote na tezi za kwapani, misuli mikubwa ya kifua inabaki. Kwa mgonjwa ni tofauti kubwa mno. Usihangaike kutafuta neno moja la radical hapo, mwambie kinachotoka na kinachobaki.

#16 Mfasiri_wa_Usiku

Nimeandika hivi, nawawekea kabla sijairudisha kazi:

"Mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi lote la kushoto pamoja na tezi za limfu za kwapani, misuli mikubwa ya kifua haikuondolewa."

Na ile ya lishe: "Mboga za majani zina viambato vinavyosaidia mwili kudhibiti radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza."

Bunsen, hiyo ya pili iko sawa?

#17 Bunsen

Iko sawa. Andika "atomi au molekuli", kisha itume.

#18 Mama_Wodi

Ya kwanza badilisha "haikuondolewa" iwe "iliachwa mahali pake". Anayeisoma usiku peke yake atatafuta neno la kilichobaki.

#19 Mfasiri_wa_Usiku

Nimebadilisha zote mbili. Imekwenda.